Siku Mzee wa Malangali Alipokuja Kuiona Hela Yake

Siku ya kwanza kazini benki nilivaa viatu vya kaka yangu, vikubwa, nikavijaza matambara mbele. Meneja alikuwa mtu wa pwani, baridi ya Sumbawanga ilimtesa hata akavaa makoti mawili. Akanitazama miguu, akasema, "Utakuwa tarishi. Ufungue mlango, upeleke barua, uwaeleweshe watu wa kwenu." Nikasema ndiyo bwana. Niwaeleweshe nini, sikujua. Shule niliiacha mapema, ng'ombe wa baba walinihitaji zaidi, na kusema kweli mimi niliwapenda zaidi ya mwalimu.

Nchi ilikuwa changa. Noti za Afrika Mashariki tulishaziacha, tuna zetu wenyewe, zinanukia upya, na serikali inasema msizifukie chini, leteni benki. Maana huku watu walizika hela kwenye chungu, mchwa wakala. Hela uliyoiweka benki iliitwa amana, na aliyeipokea pale nyuma ya wavu ni keshia.

Basi, mzee mmoja wa Malangali aliuza ng'ombe, akaleta fungu lake la noti, amelifunga kamba ya katani. Baada ya mavuno akarudi na mkewe. Akachuchumaa, akapiga makofi ya salamu, tukaitikia.

"Nimekuja kuiona hela yangu."

Keshia akampa noti safi. Mzee akazisukuma.

"Hizi za nani? Yangu ina kamba."

"Mzee, hela ni hela."

"Kwa hiyo ng'ombe wako na wangu ni mmoja?"

Foleni ikachafuka. "Wameila!" "Na mimi nipeni yangu, ile ile!" Meneja akanivuta pembeni. "Wakitoa zote leo, makao makuu watafunga tawi. Mimi nitarudi pwani, wewe utarudi kulima. Sema nao!" Nami ndiyo kwanza nimeoa. Nikarudi kushika mlango wangu.

Mke wa mzee akaanza kucheka. "Baba Yustina, jirani ulimkopesha debe la ulezi wa mbegu. Alikurudishia punje zile zile?"

"Zile si alizipanda!"

"Basi na hawa wamepanda."

Mzee akamgeukia meneja. "Mmepanda wapi?"

"Tumewakopesha chama cha ushirika, mzee. Wamenunua lori la kubeba mahindi yenu."

"Lile la bluu?"

"Lile lile."

Mzee akatoka, foleni nzima nyuma yake, nami nikaacha mlango wazi. Lori lilikuwa sokoni. Akalizunguka, akapiga teke gurudumu, akamwambia dereva, "Kijana, mteremko wa Mtowisa ushuke taratibu. Humo kuna ng'ombe wangu."

"Ng'ombe gani, mzee? Mimi nimebeba chumvi!"

Watu walicheka mpaka wauza vitunguu wakaja kuuliza kuna nini. Hakuna aliyetoa hela siku ile. Mzee mwenyewe alirudi benki, akaagiza yake iendelee kukaa.

Nilistaafu tarishi vilevile, mameneja wakija na kuondoka. Wajukuu wanatuma hela kwa simu, hata hawaulizi inalala wapi. Wakitaka kujua benki yetu ilijengwa na nani, wanangoja niwatajie wakubwa. Mimi namwona yule mama, mke wa mzee, siku ile ile akikaribia wavu, anafungua pindo la khanga, anatoa hela yake ya kuuza pombe. "Na hii ipandeni," akasema, na keshia, ambaye hakuwahi kuinuka kitini kwa ajili ya mtu, akasimama kuipokea kwa mikono miwili.