Fimbo ya Kwanza ni ya Mwenye Ng'ombe

Watu wakisikia nilikuwa mwanajeshi mpakani, kisha polisi wa akiba, na sasa nafuga ng'ombe hapa Konza, hudhani nimestaafu vurugu. Vurugu gani hiyo inayostaafu? Kule mpakani nilipigwa risasi ya paja na mtu ambaye sikuwahi kumwona uso. Hapa nyumbani nimevunjwa bega na jirani yangu, mchana kweupe, tukiangaliana. Baridi ya Julai ikiingia, paja linanyamaza. Bega ndilo linalonikosesha raha.

Kwetu kuna utaratibu usioandikwa popote. Mwizi wa mifugo akishikwa, kwanza anaitwa mwenye ng'ombe. Yeye ndiye hupiga fimbo ya kwanza, halafu wengine wote wanafuata, kila mtu lazima apige, hata kama ni kajiwe, ili asibaki mtu wa kuitwa shahidi. Kabla mwenye ng'ombe hajapiga, hakuna mkono unaonyanyuka. Nikiwa polisi wa akiba nimeokota maiti nyingi za namna hiyo kuliko nilizookota vitani. Unafika, unakuta mtu amepondwa hata mamake hawezi kumtambua, unauliza nani amefanya hivi, na kijiji kizima kinakuambia kilikuwa shambani. Shambani! Na kiangazi kimekausha hata magugu. Nilichoka na uongo huo. Nikaapa kwamba siku ng'ombe wangu wakiibwa, fimbo hiyo sitaipiga.

Kuapa ni rahisi ng'ombe wakiwa zizini. Wezi walikuja watatu, asubuhi, jua limeshapanda. Walimkuta mchunga ng'ombe wangu peke yake kwenye majani. Alikuwa mwanamume mzima, ana mke, mtoto wa jirani yangu wa ng'ambo ya reli, mpole mpaka ng'ombe walimdharau. Alipiga nduru mara moja tu kabla hawajamkata panga la shingo.

Nilimkuta ameegemea kichuguu, amejishika shingo, damu inapita katikati ya vidole. Akaniuliza kama ng'ombe wamepatikana. Nilimwambia anyamaze, mjinga yeye, ng'ombe ni wa nini sasa. Nilimfunga na shati langu, tukampakia kwenye pikapu, na babake akapanda nyuma akamlaza kichwa kwenye mapaja yake. Wakaenda mbio kuelekea hospitali ya Machakos. Mimi nikapigia polisi simu, nikafuata nduru za waliokuwa wakiwafukuza wezi.

Wawili walikuwa wametoroka. Wa tatu alishikwa kwenye korongo, na panga lake. Nilipofika walikuwa wamemfunga kwa kamba ya kufungia ndama, na tairi la kumchomea limeshaletwa, linangoja pembeni. Watu wakanipisha. Mmoja akaniwekea rungu mkononi.

Nisiseme uongo, nilimchukia yule mtu. Mkono uliniwasha. Nilimwona tena akilini mchungaji wangu pale kwenye kichuguu, nikatamani nipasue kichwa cha huyu kama boga na nirudi nyumbani nikaoge. Lakini nikatupa rungu chini, nikasimama juu yake, mguu huku na mguu huku, nikasema sipigi, polisi wako njiani. Walinitukana vya kutosha. Mzee ameingiwa na woga. Mzee alilishwa nini huko jeshini? Lakini hakuna aliyepiga, maana ng'ombe walikuwa wangu. Mwizi alinishika kiatu akakikumbatia. Nilitaka kumpiga teke kwa hilo peke yake.

Halafu pikapu ikarudi. Haikuwa imekaa hata muda wa kufika barabara kuu, na nilijua kabla haijasimama. Babake alishuka, suruali yote damu. Sasa hapo utaratibu unabadilika, na kila mtu pale alijua. Palipo na kifo, fimbo ya kwanza si ya mwenye ng'ombe tena. Ni ya mfiwa.

Akaokota lile rungu.

"Afande, toka hapo," akaniambia. Wote huku huniita hivyo.

"Sitoki, ndugu yangu."

"Mtoto wangu amekata roho hapa kwa mapaja yangu. Toka."

Sikutoka. Alinipiga begani, nikasikia mfupa ukilia. Pigo la pili likanipata mbavuni, nikaangukia juu ya mwizi, na sasa tulikuwa tumelala wawili kama watu wa kitanda kimoja, mimi juu. Akaendelea kupiga huku analia. Umati ulikuwa na mawe mkononi, umejiandaa kufuata. Lakini fimbo ya kwanza ilikuwa imeniangukia mimi, na kufuata kulimaanisha kunipiga mimi. Wakabaki wameduwaa. Hakuna aliyemzuia mzee mfiwa, na hakuna aliyemsaidia. Alipiga mpaka nguvu zikamwishia, akakaa chini kwenye vumbi. Polisi wakatukuta hivyo.

Waliniuliza nani amenivunja. Nikasema fahali. Afisa akamtazama mzee na rungu lake, akanitazama mimi, akasema huyo ni fahali mkali, nami nikakubali.

Mwizi alifungwa maisha. Siku ya hukumu nilikaa mbele, babake marehemu akakaa nyuma yangu, kwa sababu hatukuwa tunasalimiana. Mwizi alipokuwa akitolewa alisimama mbele yangu, akainama kwa heshima.

"Asante, mzee. Mungu akuzidishie."

Haki ya Mungu, kati ya mapigo yote niliyopigwa, hilo ndilo lililonipata vibaya. Nilitamani ardhi inimeze. Niligeuka nyuma. Mzee alikuwa ameshasimama, kofia mkononi.

"Umesikia anavyokushukuru?" akaniuliza polepole.

Nikasema nimesikia.

"Wangu hakupata mtu wa kusimama juu yake."

Akavaa kofia akatoka. Sikumfuata. Saa ile panga linamwangukia mtoto wake akichunga ng'ombe wangu, mimi nilikuwa nyumbani, nimekaa kwenye kiti, nakunywa chai.