Mchinjaji wa Kigango

Swedi alitoka Kondoa kuja Ilula kupakia matenga ya nyanya kwenye malori. Akapanda mlimani kutafuta chumba cha bei rahisi, na kule akajikuta ndiye Mwislamu pekee katika kijiji kizima cha Wakatoliki na Walutheri wachache. Wiki haijaisha, mzee Vitus Kalinga akamgongea mlango, jogoo kwapani.

"Kamwene, kijana. Nasikia wewe ni mtu wa msikiti. Tuchinjie."

Ndivyo ilivyo desturi: shughuli ikiwa na watu wa dini mbili, anachinja Mwislamu, ili kila mtu ale bila kinyongo. Na sasa dini ya pili ilikuwa imehamia, ikapanga chumba. Tangu siku hiyo haikupita kipaimara, harusi wala matanga bila Swedi na kisu chake. Wenyeji walikuwa wamejichinjia tangu enzi za mababu, lakini sasa waliapa kwamba kisu hawajui hata kinavyoshikwa. Walimtoa kwenye malori, walimtoa kitandani ana homa, wakamsimamisha mbele ya mbuzi, achinje ili yeye mwenyewe apate kula. Hakuna aliyeona kichekesho hapo.

Basi Swedi akampenda Leokadia, binti wa mzee Vitus. Mapenzi ni kikohozi, na kile kikohozi kilisikika kijiji kizima. Vitus akaja juu: binti yake haolewi na mtu asiyebatizwa, amemaliza. Swedi alimfikiria mama yake kule Kondoa, akaumia, lakini akampenda Leokadia zaidi. Akaenda kuomba mafundisho.

Kamati ya kigango ikaitana kwa dharura. Sosthenes, katekista, ndiye aliyemletea majibu.

"Kijana, ombi lako limekataliwa."

"La kuoa, Mwalimu?"

"La kubatizwa. Sasa atatuchinjia nani?"

Swedi alidhani anataniwa. "Mwalimu, Mwislamu wa hapa ni mimi tu. Nikibatizwa, mtachinja wenyewe. Nani ataikataa nyama yenu?"

Sosthenes akafikiri, jasho likamtoka. "Na wageni je?"

"Wageni gani?"

"Wageni, bwana! Mgeni huwa anatangaza anakuja lini?"

Mwenzenu kasomea kuwaleta watu kanisani, leo kasimama mlangoni anamzuia mmoja asiingie! Swedi alirudi chumbani roho inamuuma. Alijiuliza kama kijijini pale kuna mtu aliyewahi kumwona yeye, au wote walikiona kisu tu.

Kamati ikamgeukia Vitus, ikambana mpaka akalainika. Wakaomba kibali kwa askofu, kikatoka: wafunge ndoa kanisani, kila mmoja na dini yake.

Asubuhi ya harusi Sosthenes alimfuata bwana harusi, ambaye alikuwa ameshavaa suti, akamnyooshea kisu. Nyuma ya kanisa ng'ombe alikuwa amefungwa, masufuria yako jikoni yanasubiri.

"Mara moja tu, mkwe wetu."

"Leo nimekuja kuoa, Mwalimu. Sichinji."

Wapishi wakatazamana. Kisha Sosthenes akakunja mikono ya shati. "Haya, tuchinje wenyewe! Kwani babu zetu walikula majani?" Vijana wakamkamata ng'ombe. Swedi akabaki anatazama. Kumbe hata bila yeye mambo yanakwenda.

Mzee Vitus akaja mbio, tai imemkaa mgongoni, akampokonya Sosthenes kile kisu.

"Mrudishe ng'ombe zizini."

"Mzee! Watu wote hawa watakula nini?"

"Maharage."

"Harusi ya maharage? Tutachekwa mpaka Tosamaganga!"

"Wacheke. Mwanangu akae meza kuu anatazama watu wanatafuna nyama, yeye anameza mate? Katika harusi yake?"

Vitus hajawahi kumwita Swedi mwanangu. Machozi yalimlenga Swedi, akaanza kuvua koti haraka haraka. "Lete kisu, baba. Nitachinja."

Vitus akakificha kisu mgongoni. "Vaa koti lako. Umesema umekuja kuoa."

Ukumbi mzima ukala wali maharage, Wakatoliki kwa Walutheri. Sosthenes alinung'unika mpaka jioni, na sahani aliongeza mara mbili.