Jina Langu Ubaoni

Niliingia darasa la kwanza nikiwa na mvi. Hazikuwa nyingi, lakini zilionekana, hasa nilipokaa katikati ya watoto arobaini walionyolewa upara.

Jina langu Rehani. Zama za Mdachi nilikuwa jumbe wa kijiji kidogo upande wa Kinole, huko juu Uluguru, chenye nyumba thelathini na moja na migomba isiyo na idadi. Kazi ya jumbe ilikuwa kupokea amri za boma la Morogoro na kuzifikisha kwa watu, halafu watu wakamlaani yeye badala ya boma. Mimi kazi hiyo niliipenda sana. Nilikuwa na kanzu nyeupe, kofia nyekundu na sauti kubwa. Kasoro yangu ilikuwa moja tu: sikujua kusoma. Utotoni nilipelekwa chuoni kusoma Kurani nikatoroka siku ya tisa, na tangu hapo nikawa najisifu kwamba mimi ni mtu niliyepita chuoni.

Barua za boma zililetwa na tarishi aliyekuwa akinieleza kwa mdomo kilichoandikwa, nami nikawa naitazama karatasi na kutikisa kichwa kana kwamba ninahakikisha hajakosea. Mwaka mmoja, baada ya masika, akaja tarishi mgeni. Alinipa barua, akanywa maji, akaenda zake. Watu walikwisha kukusanyika.

"Jumbe, inasemaje?" wakauliza.

Tarakimu nilizijua kidogo, kwa hiyo niliona wazi kwamba boma linataka kitu arobaini. Hicho kitu ndicho nisichokijua. Nikakohoa, nikafikiri Wazungu wanapenda nini, nikasema, "Kuku."

Watu walilalamika, lakini kuku wakapatikana. Tuliwasomba kwenye matenga, tukavuka mlima, tukawafikisha boma mimi nikiwa mbele, kifua nje. Bwana shauri, yule Mdachi aliyekuwa akisikiliza kesi, aliwatazama kuku, akaitazama barua yake niliyokuja nayo, akaanza kucheka mpaka miwani ikamdondoka. Kisha akaacha kucheka. Barua ilitaka watu arobaini wa kutengeneza barabara iliyobomolewa na mvua.

Nilijua adhabu ya jumbe anayelichezea boma ni viboko, nikaanza kujitetea kwa lugha zote mbili nilizozijua. Bwana shauri akainua mkono.

"Kuku warudi, watu waje," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Wewe unabaki hapa. Unakwenda shule. Siku unaweza kusoma barua mwenyewe, unarudi kwako."

Ndugu yangu akashika kazi ya ujumbe kwa muda, na mimi nikapata chumba kwa jamaa zangu Mwembesongo. Nilimwambia kila mtu kwamba serikali imeniita mjini kwa shauri zito.

Shule ilikuwa chumba kimoja chenye bati, si mbali na boma. Mwalimu wake, Salehe, alitoka Tanga, kijana wa miaka ishirini na miwili mwenye ndevu ambazo zilikuwa hazijaamua kama zitaota. Tatizo la kwanza lilikuwa salamu. Sheria ilisema mwalimu akiingia, wanafunzi wote wasimame na kumpa shikamoo. Lakini mimi nilikuwa sawa na baba yake. Tulisimama mlangoni tukitazamana, kila mmoja akimsubiri mwenzake, watoto wakichungulia.

Mwalimu ndiye aliyepata njia. "Mzee wangu," alisema, "kabla ya kengele mimi nitakupa shikamoo. Baada ya kengele utanipa wewe."

Ikawa hivyo. Kila asubuhi nilipokea shikamoo moja na kuirudisha dakika chache baadaye.

Sheria za shule zilikuwa kumi na mbili, na mwalimu alitusomea zote siku ya kwanza. Uje umeoga, kucha zimekatwa. Usichelewe. Usiseme bila kunyoosha mkono. Usitoke bila ruhusa. Usile darasani. Usitazamie kazi ya mwenzako. Nilizisikiliza nikitabasamu, kwa sababu niliona ni nzuri sana kwa watoto.

Mchana wa siku ileile nilikuwa nimevunja tano.

Ugoro wangu ulitupwa nje ya dirisha. Kucha zangu zilipimwa na kiranja. Kiranja huyo alikuwa Stambuli, mtoto wa muuza samaki wa Mwembesongo, miaka kumi, uso mkavu kama wa kadhi. Kazi yake ilikuwa kuandika ubaoni majina ya wakosaji mwalimu akiwa nje. Mimi sikuwahi kunyoosha mkono ili niseme tangu nizaliwe, kwa hiyo jina langu lilikuwa la kwanza kila siku. Lakini nina deni la shukrani kwa Stambuli, maana neno la kwanza nililojua kulisoma maishani ni Rehani. Nililiona mara nyingi mno hata nisiweze kulisahau.

Nilijaribu kumlainisha. "Mwanangu," nilimwambia, "unajua mimi ni nani?"

"Ndiyo, jumbe," alijibu akiandika. "Ni wa kwanza kwenye orodha."

Kosa lililomkasirisha mwalimu kweli lilikuwa la baraza. Watoto wawili waligombania kalamu ya jiwe, ile ya kuandikia vibao vyetu, wakaanza kusukumana. Mwalimu alikuwa ameitwa boma. Mimi, mtu niliyeamua kesi za mipaka ya mashamba, ningewezaje kukaa kimya? Niliwasimamisha, nikaita mashahidi, nikauliza habari za wazazi wao, nikatoa hotuba. Mwishowe nikamtoza mkosaji kipande cha muhogo wa kuchoma, nusu kwa aliyedhulumiwa na nusu kwangu, kama ilivyo desturi ya hakimu. Mwalimu aliporudi, darasa zima lilikuwa limegawanyika pande mbili likipiga kelele, na mimi mdomo umejaa muhogo.

"Nani anakula?" aliuliza.

Sikuweza kujibu. Stambuli alijibu kwa chaki.

Mwalimu hakuniadhibu siku hiyo. Hakuwa akiniadhibu siku yoyote. Watoto walipochelewa walifagia, walipopiga kelele walipiga magoti, lakini ikifika zamu yangu alikuwa akisema, "Jumbe, kaa," na kugeukia ubao. Nami nilikaa. Niliona hiyo ni heshima ninayostahili, na nikashangaa kidogo kwamba ilikuwa imechelewa kuja.

Mpaka ikafika ile Jumamosi ya mtihani wa imla. Jirani yangu kwenye benchi aliitwa Pazi, mtoto wa miaka minane kutoka upande wa Msamvu, mwembamba, mwenye akili za haraka. Mwalimu alitutajia maneno kumi tuyaandike. Mimi nilikwama kwenye neno la tatu. Nikamgusa Pazi kwa kiwiko, nikapitisha kibao changu chini ya benchi, nikamnong'oneza kwamba akinijazia nitampa muwa mzima. Alisita. Nikamkazia macho, yale macho ya kijumbe. Mtoto wa watu akaandika.

Stambuli alituona.

Kutazamia kulikuwa na adhabu ya fimbo nne, na sheria haikutofautisha aliyetazamia na aliyetazamiwa. Mwalimu alituita mbele sote wawili. Alianza na Pazi. Pazi aliinama, akauma ukosi wa kanzu yake, akapigwa nne. Hakulia. Kisha mwalimu akanitazama, fimbo mkononi, akaishusha.

"Jumbe, kaa," alisema.

Ningependa kusimulia kwamba nilikataa. Ukweli ni kwamba nilikaa, tena upesi, na moyoni nilimshukuru Mungu kwa kunipa mvi. Ndipo Pazi akarudi kwenye benchi. Hakukaa karibu yangu. Alisogea mpaka mwisho kabisa, mguu mmoja nje, akaacha kati yetu nafasi ya kukaa watu wawili.

Wakati wa mapumziko hakuna mtoto aliyeniomba hadithi kama siku zote, na ile niliyoianza ilikuwa bado haijaisha. Nilikaa peke yangu ukutani. Nikaanza kufikiri, kazi ambayo sikuwa nimeizoea. Niliwakumbuka watu wa kijijini niliowapeleka boma wakapigwa viboko kwa sababu hawakutokea kazini siku niliyowatajia, siku ambayo pengine niliitaja vibaya. Nilikuwa nikiwahesabia viboko kwa sauti.

Jumatatu, baada ya kengele na shikamoo, nilinyoosha mkono. Darasa lote liligeuka, maana lilikuwa jambo geni.

"Sema, jumbe," mwalimu alisema.

"Mwalimu, naomba zangu."

"Zako zipi?"

"Fimbo zangu nne za Jumamosi."

Mwalimu aliweka chaki mezani. "Mzee wangu, mimi nina baba Tanga wa umri wako. Nikikupiga nitamtazama vipi?"

"Na mimi nitamtazama vipi Pazi?" nikauliza. Maneno hayo yalinitoka vizuri sana, nikajutia kwamba mke wangu hakuwepo kuyasikia.

Tukakwama tena kama siku ile ya mlangoni. Ndipo Stambuli akanyoosha mkono. "Mwalimu, sheria inasema mgonjwa asipigwe fimbo. Afagie uwanja siku nane."

"Jumbe ni mgonjwa?"

"Ni mzee, mwalimu. Ni kama mgonjwa."

Hivyo nikatangazwa mgonjwa na mtoto wa miaka kumi, nikakabidhiwa ufagio.

Nilikuwa nimeitamani adhabu, lakini sikuwa nimeukumbuka uwanja ulivyokaa. Ulikuwa kando ya njia ya sokoni, na asubuhi ndiyo saa ambayo watu wa milimani hupita na mizigo yao. Siku ya kwanza walipita watu wa Matombo, hawakunijua. Siku ya pili nilisikia sauti za kina mama wa kijijini kwangu. Nilijificha nyuma ya ufagio, lakini ufagio ni kitu chembamba.

Chausiku, mke wangu, alisimama. Alitua tenga lake la machungwa, akaniangalia kuanzia kofia mpaka miguu yenye vumbi. Wenzake wakajifunika midomo kwa kanga.

"Baba Furaha," alisema taratibu, "nyumbani si ulisema mgongo wako hauinami?"

"Hii ni kazi ya serikali," nikajibu.

"Ah. Basi kule kwenye pembe serikali imeacha majani." Akaegemea ua wa shule akinionyesha kwa kidole, mpaka nikayafagia. Kisha akanipa machungwa mawili, akajitwika tenga, akaenda. Kicheko chao nilikisikia mpaka walipopinda kona, na nadhani kilifika Kinole kabla yao.

Siku ya tisa Pazi alisogea kwenye benchi. Niliguswa, nikadhani amenisamehe.

"Jumbe," alininong'oneza, "muwa wangu uko wapi?"

Nikanyoosha mkono, nikaomba ruhusa ya kutoka, nikaenda kununua muwa. Tangu siku hiyo alinifundisha mwenyewe wakati wa mapumziko, naye alikuwa mkali kuliko mwalimu. Nikikosea herufi alikuwa akivuta pumzi kwa huzuni kama mtu aliyefiwa.

Baada ya miezi saba nikapelekwa kwa bwana shauri. Ile barua ya barabara nilikuwa nimeikariri yote kwa kusomewa na tarishi, na nikaanza kuisoma kabla hajaifungua. Akanitazama, akairudisha mezani, akanipa nyingine. Jasho likanitoka. Nikanyoosha mkono kwa mazoea.

"Unataka nini?" akauliza.

"Ruhusa ya kuanza, bwana."

Niliisoma. Muda niliotumia ungetosha kuivisha sufuria ya maharage, na bwana shauri alimaliza sigara mbili, lakini niliifikisha mwisho. Iliamuru majumbe wa upande wa Kinole wajenge nyumba ya shule na kupeleka watoto. Ilikuwa barua inayonihusu mimi mwenyewe, na ilikuwa ya kwanza maishani mwangu kuielewa. Niliirudia mara ya pili bila kuombwa, mpaka akanifukuza.

Nilirudi kwetu kwa miguu yangu. Shule tuliijenga kwa miti na udongo, ikaletewa mwalimu wake, kijana mwingine mwenye haya. Mimi, kwa kuwa ndiye msomi pekee wa kijiji, nilimwandalia sheria za wanafunzi. Niliandika usiku na mchana, zikafika ishirini na tatu. Mwalimu alizisoma kwa adabu, akachagua nne. Tatu zilikuwa za kuoga, kuwahi na kunyamaza. Ya nne ilisema waliokosa pamoja waadhibiwe pamoja, awe mtoto wa jumbe au wa nani.

Ile niliyoipenda zaidi, kwamba jumbe akipita masomo yasimame ili aseme machache, alisema ataifikiria. Mwaka wa tatu ulipofika, alikuwa bado anafikiri.