Mbwa wa Masikio Marefu Anatafuta Mwenyewe

Jamani, sasa hivi Zuhura wangu kalishana muhogo na mbwa, mdomo kwa mdomo!
Mama mkwe kaona.
Mate ya mbwa najisi, basi nimemwosha mtoto mara saba, na udongo juu. Analia, mbwa naye analia.

Ni yule aliyeachwa na mzungu wa shamba la minazi. Namtunza tu mpaka apate mwenyewe.
Mganga wa zahanati, mtu wa bara, aliahidi kumchukua.
Leo kaja, kamba mkononi. Nikasema alhamdulillahi!

"Mama Zuhura, nimekuja kuaga," akasema. "Nimehamishwa. Kamba hii ya kufungia sanduku."

Mbwa anamlamba viatu.

Mama mkwe akadakia: "Kwangu hakai! Mfunge naye humo sandukuni!"

Kesho tunahamia kijiji cha ujamaa. Mwenyekiti kasema mbwa asiye na mwenyewe atauawa leo alasiri.

Nani kati yenu atampokea? Hang'ati, wallahi. Muhogo anakula, dagaa anakula. Mkija upesi tutawahi, naamini, maana mwenyekiti bado hajapita huku kwe... Abee mama! Naitwa, anasema mwenyekiti na watu wake wako uani, wamesham...