Kisu cha Jirani

Nilikwenda ng'ambo kusomea uhamaji, siasa na dini, na mwezi wa kwanza tu nikaumbuliwa na kuku.

Niliwaalika wanafunzi wenzangu chakula. Kuku nilimnunua dukani, nikamuunga kwa karanga. Mwenzetu mmoja, Mwislamu, akaniuliza kwa upole amechinjwa na nani. Nikamwambia sijui. Akala wali na maharage, akashukuru, nami nikatamani ardhi ipasuke. Kwetu Songea sisi ni Wakatoliki, baba yangu alikuwa katekista, lakini sijawahi kuona kuku anaingia chunguni kabla jirani yetu Mwislamu hajaitwa kumchinja. Hata Krismasi. Ni ili yeyote atakayepita aweze kukaa na kula.

Basi nikaamua utafiti wangu uwe juu ya jirani huyo. Mwalimu wangu hakupenda. Alisema nitafute mahali penye ugomvi, nikishikilia kuku wangu huenda nikafeli. Nilikasirika, na mimi nikikasirika husoma. Baadaye akataka angalau nimwandike jirani kuwa "mhamiaji", maana alihamia kwetu kutoka Tunduru na cherehani yake. Nikamjibu kwamba hata sisi Wangoni tulitoka kusini, tena na mikuki. Siku ya kutetea utafiti nilisimama na neno langu lilelile, "jirani", nikafaulu. Mwalimu ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipa mkono, siwezi kumnyima haki yake.

Niliporudi nyumbani, baba alikuwa ameshamfunga jogoo miguu. Jirani akaingia uani, siku hizi ameinama kidogo, kisu kimeviringishwa kwenye gazeti.

"Shikamoo, baba," nikamwamkia jirani.

"Marahaba. Naambiwa umevuka bahari kwenda kusomea kisu changu."

"Ndiyo, baba. Na nimefaulu."

"Wamekuuliza nini huko?"

"Ni sheria gani inayosema wewe ndiye uchinje."

"Ukawajibuje?"

"Kwamba hakuna sheria. Unaitwa, unakuja."

Akakifungua kisu taratibu, kisha akamgeukia baba.

"Mtoto wetu amesoma kweli," akasema.

Akaniambia nishike mabawa. Kwa fahari niliyokuwa nayo nilimshika jogoo vibaya, akanichafulia gauni lote.