Matonge Niliyoyaficha Nzilo

Kwa miezi kadhaa, nilipokuwa mwalimu wa shule ya msingi Kolwezi, niliruhusiwa kula wali, viazi vitamu, mboga ya lengalenga ya kuchemsha na nyama ya mbuzi isiyo na mafuta. Basi. Bukari, ugali wetu, ilikatazwa kwa sababu ni unga wa mahindi. Mkate, maziwa, mayai, karanga, nyanya, pilipili, samaki, kuku na mafuta ya mawese, vyote vilikatazwa. Daktari alikuwa mgeni aliyekuja kwa mkataba. Alinieleza kwa Kifaransa kwamba ugonjwa wangu hautoki nje, ni mwili unaojipiga wenyewe, na ili nielewe alikunja ngumi akaipiga kwenye kiganja chake. Alishuku kwamba kuna chakula kinachouchokoza. Alitaka tuondoe karibu kila kitu, tungoje viungo vitulie, kisha turudishe kimoja kimoja na kutazama kipi kinaleta uvimbe.

"Ukionja kimoja kabla ya wakati wake," alisema, "tunaanza upya."

Nilimtii kwa sababu nilikuwa nimefika mwisho. Asubuhi vidole vyangu vilikuwa vinene na vya moto, na sikuweza kufungua bomba la maji uani. Darasani nilishika chaki kwa kiganja kizima, kama mtu anayeshika mchi. Wiki chache baada ya kuanza wali, vidole viwili vya mkono wa kulia vilianza kunyooka. Niliandika sentensi nzima ubaoni bila kupumzika. Nilikuwa na furaha ambayo sikumwambia mtu, nikiogopa itaondoka.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume. Mimi ni mjane, sikuzaa. Mama yetu alipokufa nilimchukua akiwa bado mtoto wa shule, na sasa alikuwa fundi katika karakana ya mgodi wa Mashamba, anarudi jioni na vumbi hadi kwenye kope. Tangu utoto tulikula sahani moja. Baada ya amri ya daktari kukawa na sufuria mbili jikoni, na yeye akawa anamega bukari yake peke yake upande wa pili wa meza, akinitazama na kuacha kunitazama.

Majirani waliona upesi. Mtaani kwetu watu wa Kasai tulikuwa wengi, na sisi Waluba tuna neno kwa mtu anayeacha vyakula ghafla: tunasema ana bijila. Bijila ni miiko inayoletwa na dawa. Mtu akichukua dawa kwa mganga, ya kulinda nyumba au ya kupandishwa cheo kazini, anaambiwa usile kuku, usile kilichopikwa na mwanamke fulani, na siku akivunja mwiko, dawa inamgeukia. Jirani mmoja aliniuliza bombani, mbele ya wenzake, "Mama mwalimu, ulikamata dawa ya kuwa direktrisi wa masomo?" Walicheka. Nami nilicheka, nikabeba ndoo yangu kwenye kiwiko. Tangu siku hiyo nilikula nikiwa nimefunga mlango.

Hapo ndipo mdogo wangu alipompata mchumba. Msichana alikuwa mshonaji, wa familia ya Kiprotestanti kutoka kaskazini mwa Katanga. Baba yake alifanya kazi kwenye bwawa la umeme la Nzilo na waliishi kambini huko. Walitualika kujitambulisha. Kwa kuwa wazazi wetu hawakuwepo, mimi ningekaa mahali pa mama, na baba yetu mdogo mahali pa baba.

Kila mtu anajua kinachotokea katika ziara ya namna hiyo. Wanapika, na ninyi mnakula. Kukataa chakula chao ni kumkataa binti yao, au ni kusema nyumbani kwao kuna mchawi. Nilimwomba baba mdogo tuwaambie mapema kwamba mimi ni mgonjwa. Alinitazama kana kwamba nimependekeza twende uchi.

"Useme unagonjwa? Ugonjwa ya mifupa, ya damu? Nani atatoa binti yake mu kizazi ya bagonjwa?"

Hata mimi nimewahi kukaa na shangazi zangu tukikataa kijana mzuri kwa sababu kaka yake alikuwa na kifafa.

Tulisafiri katika Land Rover ya dereva mmoja rafiki wa baba mdogo. Njiani alinipa mpango wake.

"Utasema uko mu Kwaresima."

"Tata, Kwaresima mu mwezi wa nane?"

"Ni Baprotestanti. Habajue."

Mdogo wangu, aliyekaa nyuma na suruali iliyopigwa pasi mara mbili, alitazama dirishani.

Walitupokea vizuri mno. Ukumbi ulikuwa mdogo na safi. Wanaume walikaa mezani, sisi wanawake tukakaa kwenye mkeka karibu nao: mama wa msichana, nyanya yake, na mimi. Msichana mwenyewe alihudumu, akipiga goti kila alipoweka kitu. Alileta munkoyo, kinywaji cha mahindi. Niligusisha midomo, nikairudisha. Kisha vikaja bukari nyeupe iliyotoa mvuke, kuku katika mchuzi wa karanga na nyanya, na sombe, majani ya mihogo, inayong'aa mawese. Nilivihesabu moyoni. Hakikuwepo hata kimoja ambacho ningeweza kumeza.

"Mutaniwia razi, mama," nilisema. "Mi niko mu Kwaresima."

Nyanya aliacha kunawa mikono. Alikuwa mwembamba, na jicho moja lilikuwa na ukungu.

"Kwaresima? Mi nililelewa kwa bamasoeur, ku misioni ya Katolika, mwanangu, mbele ya kuolewa na Muprotestanti. Kwaresima inaisha na Pasaka. Ao nayo authenticité ya serikali iliibadirisha, sawa vile ilibadirisha majina yetu?"

Meza nzima ilicheka, hata dereva. Baba mdogo alicheka kuliko wote, na macho yake yaliniambia: kula.

Sikula. Nilifanya jambo baya zaidi. Nilimega tonge dogo, nikalichovya, nikalipeleka mdomoni, na mkono uliposhuka nikaliacha tonge katika kitambaa nilichokuwa nimekitandika mapajani. Nikamega jingine. Nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, niliyefundisha watoto wa watu wasidanganye, na nilikuwa naficha bukari chini ya leso kama mtoto anayemkimbia mama yake. Wanaume walizungumza juu ya mashine za bwawa na maji yaliyopungua kwa kiangazi. Nilianza kuamini ningefika mwisho wa sahani. Kitambaa kilipojaa nilikifunga fundo, kwa kujikakamua, nikakisukuma kuelekea mkoba wangu.

"Mama," alisema nyanya kwa sauti ya kawaida, "bukari yetu unaipeleka wapi?"

Hakuna aliyecheka. Kwetu, mtu anayetoka na chakula cha nyumba kwa siri haulizwi kama ana njaa. Anaulizwa anampelekea nani. Mganga anayetaka kufunga tumbo la msichana au kuharibu nyumba huanza na kitu kidogo kilichotoka humo humo: nywele, kipande cha nguo, tonge. Nililijua hilo kama walivyolijua wao. Lakini nilikuwa nimeogopa kuitwa mgonjwa tu, na hofu hiyo haikuniachia nafasi ya kufikiria nyingine.

Baba wa msichana alikuwa mtu wa maneno machache. Aligeuza kiti. "Fungua ile kitambaa, mama. Polepole."

Nilijaribu. Fundo nililolifunga kwa hofu vidole vyangu havikuweza kulifungua. Nililivuta, likateleza, nikalivuta tena, na watu wote wakatazama mikono yangu ikishindwa. Mwishowe mama wa msichana alikichukua kutoka mapajani mwangu, akakifungua yeye. Matonge yalikuwa yameshikana, yana alama za mchuzi. Alikiweka kitambaa katikati ya mkeka, akafuta mikono yake kwenye kitenge.

"Yaya anagonjwa," alisema mdogo wangu; yaya ni mimi, dada yake mkubwa.

"Nyamaza," alisema baba mdogo.

"Tata, nitanyamaza namna gani? Banamuona mulozi." Akageukia wazee wale. "Munganga wa hospitali alimukataza bukari. Alimukataza na kuku, na karanga, na yote ile iko hapa. Anakula wali tupu."

"Wali tupu," alisema nyanya. "Njo maana alikauka vile."

Baba wa msichana aliniomba nilete mikono. Niliinyoosha juu ya chakula chake. Aliitazama jinsi fundi anavyotazama kipande kilichopinda, bila chuki. Mimi nilitazama kucha zangu. Nilikuwa nimeziosha vizuri asubuhi hiyo, na nadhani ndilo jambo pekee nililolifanya sawasawa siku ile.

"Na mama yenu?" aliuliza. "Naye alikuwa vile?"

"Hapana," alisema baba mdogo haraka. "Kwetu ile ugonjwa haiko."

Lakini mdogo wangu alikuwa tayari anatabasamu. Alikuwa mdogo mno mama alipokufa, na kumbukumbu zake juu yake ni chache. Akiulizwa habari za mama hufurahi, na hakufikiri kwa nini anaulizwa.

"Mama alikuwa anafunga bouton ya chemise yangu na meno," alisema. "Kila asubuhi, mbele ya kuenda ku masomo. Nilikuwa nasikia pua yake hapa mu tumbo, ninacheka."

Alipomaliza, alijisikia mwenyewe: vifungo vya shati, kwa meno. Niliona tabasamu likimtoka kidogo kidogo. Kumbe hakuwahi kujiuliza. Alidhani ulikuwa mchezo. Mimi nilijua tangu zamani kwamba vidole vya mama havikufanya kazi, na sikumwambia kamwe, kama vile kutomwambia kungeizuia mikono yangu kupinda.

"Tutawaita," alisema baba wa msichana. Walitusindikiza hadi kwenye gari kwa heshima zote, na hiyo ilinichoma kuliko kama wangetufukuza. Njia nzima baba mdogo alizungumza na dereva tu. Karibu na Kolwezi alisema, bila kugeuka, "Tonge tatu tu. Ungemeza tonge tatu, mutoto angeoa."

Mdogo wangu hakunilaumu hata mara moja. Ningetaka anilaumu. Alirudi kazini, akarudi nyumbani, akala bukari yake upande wake wa meza, na Nzilo hawakuita. Mimi niliendelea na wali. Ilikuwa aibu ya namna nyingine, kuendelea kutunza vidole vyangu huku yeye akikonda kwa kungoja, na jioni moja nilimega tonge katika sahani yake ili nile. Alinishika mkono.

"Yaya, hapana," alisema. "Ukianza upya sasa, tulishindwa bure."

Siku nyingi baadaye, Jumapili baada ya misa, msichana alikuja mwenyewe, peke yake. Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Mdogo wangu alikuwa kazini, nadhani msichana alilijua hilo.

"Sikuje kwa mambo ya bukwe, yaya," alisema. "Nilikuja kuuliza. Kwetu banasema maneno mingi, na hakuna mwenye kujua."

"Uliza."

"Inauma asubuhi ao usiku?"

"Asubuhi zaidi."

"Mama yenu, batoto alikuwa anababeba namna gani?"

"Kwa viwiko. Vidole hakuvitumia."

"Ilianza wakati gani?"

"Alipomzaa huyu mdogo wangu."

Alifikiri. Aliuliza kama mdogo wangu naye, mwanamume, atapata. Nilimwambia alichoniambia daktari, kwamba ugonjwa huu hukamata wanawake zaidi, na kwamba hata madaktari hawajui unachagua vipi.

"Basi ni batoto wangu banamuke," alisema.

Nilitaka kusema hapana. Nilisema, "Pengine."

Alinyanyuka, akafunua sufuria yangu jikoni, akatazama wali na lengalenga. "Njo hii?"

"Njo hii."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Aliifunika. Hakunipa pole, na nilimshukuru moyoni. Alipokuwa anatoka alisema, "Siku ile ungesema tu, yaya. Mama alikuwa na muchele mu nyumba."

Walioana baada ya mvua za kwanza. Niliambiwa msichana mwenyewe ndiye aliyemshinda baba yake. Siku ya ndoa nilikula wali mbele ya watu wote, nikitazama chini, na nyanya alieleza kila aliyepita kwamba huyu haringi, anagonjwa. Baadaye mkataba wa daktari uliisha akaondoka kabla hatujamaliza kurudisha vyakula. Karanga hazikunidhuru. Bukari ilipoingia vidole vilivimba, lakini wiki hiyo kulikuwa na baridi kali pia, na daktari aliyemfuata alisema hayo ya vyakula ni mambo ya bure. Sijui mpaka leo. Nala bukari kidogo, kwa hofu.

Mtoto wao wa kwanza ni msichana. Ninapowatembelea hunikimbilia mlangoni, nami huvishika vidole vyake vyote, kimoja kimoja, kabla sijamtazama usoni. Naviminya kwenye viungo. Yeye hudhani ni mchezo, hucheka. Mama yake hutuona kutoka jikoni, na hungoja mpaka nimalize ndipo anikaribishe.