Aliyemwombea Muuaji wa Ndugu Yake

Habari za kifo cha rafiki yangu nilizipata kwa muuza magazeti wa hapa Machakos mjini, aliyezitaja kama mtu anayesema mvua imenyesha Kola. Katika magazeti aliyokuwa akiuza, hakuna lililoandika. Huyu ndiye mwalimu wa sheria aliyewafunza mahakimu wengi wa nchi hii kwamba adhabu isiyomrudisha mtu kwa watu wake ni kisasi kilichovaa joho. Alihangaika ofisi hadi ofisi, mpaka waliopatikana na makosa madogo wakaruhusiwa kutumikia adhabu zao nje ya gereza, wakichimba mabwawa na kufagia masoko. Mimi, hata hivyo, namkumbuka kwa jambo jingine.

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, mdogo wake aliuawa katika ugomvi wa ulevi huko Kola. Kijana aliyempiga alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, na kabla ya kutoa hukumu jaji aliiruhusu familia kusema neno. Ukoo ulimchagua msomi wao. Alisimama, akavua miwani, akasema marehemu alikuwa rafiki yake wa kwanza duniani. Kisha akaomba kijana yule asifungwe maisha, bali afunzwe kazi gerezani na arudi kwao angali na nguvu. Jaji alimsikia, akatoa kifungo cha miaka michache. Nje ya mahakama mama yake hakupaza sauti. Alimwambia tu, "Mwana wakwa, mwanangu, ndugu yako alikuwa na wewe tu wa kumsemea."

Tangu hapo mama hakuonja tena chakula cha nyumbani kwa mwanawe huyo, na jamaa wakawa wanampita mwana njiani kama mgeni. Kila Jumamosi rafiki yangu alimpelekea mama maziwa, akaketi uani huku mama akipepeta kunde bila kumtazama, kisha akaaga na kwenda gerezani kumwona yule kijana, ambaye mwanzoni naye alikataa kuonana naye. Siku moja nilimuuliza kama hajuti.

"Najuta kila Jumamosi," alinijibu. "Lakini ningesema nini? Kwamba niliyofundisha yalikuwa ya ndugu za watu wengine?"

Mazishini tulikuwa wachache. Wanafunzi wake wakubwa wakubwa hawakuonekana. Yule kijana, ambaye sasa ni seremala na alishamaliza kifungo, alisimama nje ya ua, kofia mkononi, asithubutu kuingia. Mama, ambaye macho yamemfifia, aliuliza yule ni nani. Watu wakatazamana, hadi mmoja akamwambia. Mama aligeuza uso upande aliosimama kijana, hata mhubiri akasita.

"Mwambieni aje aketi," akasema. "Jua ni kali."

Rafiki yangu hakuyasikia maneno hayo. Nimejifunza kwake kwamba sheria yaweza kumpunguzia mfungwa miaka, lakini moyo wa aliyefiwa hauamriwi na yeyote, hata na mwana aliye na haki. Anayeutafuta sharti akubali kungoja peke yake, na akubali pia kwamba huenda akafa kabla haujalainika.